Kabari za Juu ya Daraja

Wiki saba bila mvua. Kwetu bondeni mvua ikikosa siku tatu tu watu wanaanza kuulizana kuna nini, sasa wewe piga hesabu wiki saba. Mto umebaki mawe, kondoo wanalia kutwa, na kabari zinadondoka. Hilo la kabari ndilo lililotumaliza.

Sikia. Reli yetu ni ya mtindo wa zamani. Chuma chenyewe hakijapigiliwa kwenye taruma, yale magogo yanayolala chini ya reli, kimekaa ndani ya kikombe kizito cha chuma, na kinachokibana kisicheze ni kabari ya mti wa mwaloni, ndefu kama kiganja, imegongwa kwa nyundo. Kila taruma kabari mbili. Mvua ikinyesha mti unavimba, unabana mpaka raha. Jua likiwaka wiki saba mti unasinyaa, treni moja ikipita na mtikisiko wake, kabari puu, chini kwenye kokoto. Kwa hiyo wakati wa ukame kila asubuhi lazima mtu atembee njia nzima, maili mbili na nusu kutoka Kettlegate mpaka Thornrigg huko juu, nyundo begani, azirudishe moja moja. Akimaliza anasaini kwenye daftari la njia.

Na siyo kila mtu anasaini. Wenye ruhusa walikuwa wawili tu. Mmoja, Clive, alikuwa hospitali, amebadilishiwa nyonga. Wa pili ni Mzee Cuthbert Raine, miaka sabini na tisa. Huyu alikuwepo siku ya kwanza kabisa ya kuifufua reli hii, miaka thelathini na moja iliyopita, walipokuja watu sita na mapanga kufyeka miiba. Njia ilikuwa imefungwa na serikali zamani sana, ndani yake imeota miti mizima. Mimi hata sijazaliwa.

Jumamosi saa tano asubuhi treni ya kwanza ya abiria ilikuwa ifike Thornrigg. Jamani, Thornrigg! Tulikuwa tumeahirisha mara nne. Mara mafuriko, mara boila, mara ukuta wa daraja, mara fomu imekosewa. Watu walikuwa wamechoka mpaka kwenye mifupa. Wastaafu wote hawa, mgongo huu, goti lile, halafu kila Jumanne na kila Jumamosi wanabeba mataruma. Bure. Hakuna anayelipwa hata chai, chai tunanunua wenyewe.

Safari hii mkaguzi alitoa sharti moja: kwa sababu ya ukame, njia nzima itembewe na kusainiwa na mwenye ruhusa siku ishirini na nane mfululizo. Ikikosekana moja, mnaanza upya. Hazel Alderson, mkuu wetu, alibandika karatasi ile kwenye mlango wa kibanda chetu pale Kettlegate. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya ishirini na nane.

Mimi Jumanne na Jumamosi nabeba nyundo na wenzangu, na siku zote zilizobaki naendesha ukurasa wa reli kwa simu yangu. Alhamisi nilipanda Thornrigg kwa barabara, nikashuka kwenye ile kona iliyokatwa mwambani, nikapiga video. Maua ya zambarau yamesimama pande zote mbili, reli inang'aa katikati, yaani ilikuwa nzuri mpaka nikajipongeza. Nikaandika, "Keshokutwa!" Nikairusha.

Ijumaa mchana nakula sandwichi yangu nafungua komenti. Hongera, hongera, mioyo, mioyo. Halafu mmoja anajiita Moshi Mweupe, ambaye hajawahi kusifia kitu tangu nimjue, ameandika hivi: "Sekunde ya kumi na mbili. Acheni maua, hesabuni kabari."

Nikairudisha video mpaka hapo. Nikavuta picha. Sandwichi ikaniganda mdomoni.

Reli ya nje ya kona, vikombe vitupu. Kimoja, viwili, vitano mfululizo. Hapo ni pale tu simu ilipofika. Na nilikuwa nimesimama palepale, miguu yangu miwili, naangalia maua.

Nikaingia kibandani, nikafungua daftari. Alhamisi: "Nimetembea yote. Kabari 14 zimerudishwa. Njia salama. C. Raine." Mwandiko wake ule, mnyoofu kama wa mwalimu.

Mzee mwenyewe alikuwa ameshatoka njiani, yuko nyuma ya kibanda, kwenye kivuli, amekalia kreti, suruali imekunjwa, magoti yote mawili yamefungwa vitambaa vya maji baridi. Sijawahi kuona magoti yamevimba vile. Kama malimao makubwa chini ya ngozi.

"Usinipige picha," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Sikupigi, mzee. Nataka uangalie kitu."

"Kama ni wale wanaobishana rangi ya mabehewa, waambie waje wapake."

Nikampa simu. Akaisogeza mbali, akaileta karibu, akatafuta miwani mfukoni, akavaa. Akaangalia. Ikaisha, nikamrudishia mwanzo. Akaangalia tena.

"Hii ni lini?"

"Jana. Saa kumi."

Akanirudishia simu polepole.

"Zile kumi na nne ni za kweli," akasema. "Nilizigonga kweli. Ni za chini ya daraja."

Daraja la kondoo ndilo nusu ya njia, chini yake ni upande wa Kettlegate, juu yake upande wa Thornrigg. Kuanzia pale ni mlima, mlima hasa, kokoto kubwa na mataruma yamepishana vibaya, hata mimi pumzi inakata.

"Na juu ya daraja?"

"Siku tatu za kwanza nilipanda. Siku ya nne nikafika darajani, goti likakataa. Nikasema kesho. Kesho nayo ikawa hivyohivyo."

Nikahesabu kichwani. Siku ya nne mpaka jana ni ishirini na nne.

"Kwa nini hukusema?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kipumbavu. "Nimwambie Hazel aahirishe mara ya tano? Umemwona Hazel alivyokonda? Nilifikiri huko juu zitadondoka chache. Ishirini, thelathini. Mvua ikinyesha zilizobaki zitabana zenyewe."

Na kuna jambo lingine, hakulisema lakini kila mtu wa reli hii analijua. Mtu akisaini njia ambayo hakuitembea, ananyang'anywa daftari, hasaini tena. Moja kwa moja, hakuna kuomba msamaha. Sheria hiyo aliiandika Mzee Cuthbert mwenyewe, na aliyenyang'anywa wa kwanza na wa pekee alikuwa rafiki yake, Norman Dinsdale, kwa ajili ya robo maili tu siku ya theluji. Norman aliondoka siku hiyo na hajarudi. Wanaishi mtaa mmoja. Wakikutana dukani mmoja anageuka kusoma bei za sabuni.

"Ifute," Mzee akasema. Hakuniangalia.

Nikaifuta. Ndiyo, niliifuta, video, komenti, Moshi Mweupe na maneno yake, vyote. Haikuchukua sekunde mbili.

"Sasa twende tukazigonge," nikasema. "Mimi nitagonga, wewe utanionyesha. Njia itakuwa salama kweli, utasaini kweli."

"Nitafikaje huko? Kwa mabawa?"

Kulikuwa na kitoroli cha kubebea mataruma, magurudumu manne ya kukaa kwenye reli, ubao juu, breki ya mkono. Nikamweka Mzee Cuthbert Raine juu yake na gunia la kabari za akiba, nyundo mapajani, daftari kwenye koti, nikaanza kusukuma.

Nisikudanganye, mpaka darajani nilikuwa naona raha, hata nilikuwa nacheka. Juu ya daraja kicheko kiliisha. Nasukuma hatua kumi, Mzee anavuta breki, "Kulia! Ya pili, ya tatu!" Nachukua nyundo, nagonga. Nasukuma. "Kushoto! Siyo hivyo, binti, unaikuna? Igonge, haina mama!" Nagonga. Jasho linaingia machoni. Nyundo ile ina mpini mrefu kama wa jembe na kichwa chembamba, ukikosa kabari unapiga chuma, na chuma kinakurudishia mpaka kwenye meno.

"Mzee, punguza uzito."

"Nilikula yai moja asubuhi."

"Basi lilikuwa la mbuni."

Kufika nusu ya mlima malengelenge yalikuwa yamepasuka kwenye viganja vyote viwili. Nikafunga leso mkono wa kulia. Mzee alikuwa ameacha utani. Alikuwa anataja tu, kulia, kushoto, kulia, sauti inashuka. Mimi nilikuwa nahesabu, kwa sababu mtu akichoka sana anahesabu tu, kichwa hakina kazi nyingine.

Tukafika kwenye kona ya video. Mzee akavuta breki.

Reli ya nje kwenye kona ndiyo inayosukumwa na uzito wote wa treni. Pale vikombe kumi na tisa vilikuwa vitupu. Kumi na tisa mfululizo. Niliweka mguu kwenye reli nikasukuma, na nakuapia, ikacheza. Kidogo tu, kama jino.

Mzee akashuka kwenye kitoroli mwenyewe. Sijui alishukaje. Akainama, akaokota kabari moja kwenye kokoto, akaipangusa vumbi kwa dole gumba, akanipa. Halafu ya pili. Akanipa zote kumi na tisa namna hiyo, moja moja, nami nikazigonga.

Saa kumi na moja na nusu tukaingia Thornrigg. Mikono siisikii, mgongo siusikii. Stesheni ilikuwa imependeza sana. Hazel alikuwa juu ya ngazi anafunga vibendera, na Desmond amemshikia ngazi. Desmond ni daktari wa meno mstaafu, na ndiye dereva wetu wa treni, ndiye angeileta ile ya Jumamosi.

"Haya, bwana harusi kaletwa!" Desmond akapiga kelele. "Na punda wake!"

"Punda anaomba maji," nikasema, nikakaa chini palepale kwenye jukwaa.

Hazel akashuka. Uso umechoka, macho yameingia ndani, lakini alikuwa anatabasamu, na siku hizo ilikuwa nadra. Akammiminia Mzee chai kutoka kwenye chupa, akamkalisha kwenye benchi, akatoa bahasha kwenye mkoba.

"Fomu ya mkaguzi," akasema. "Siku ishirini na nane. Weka sahihi moja tu hapa chini, mzee wangu, halafu nikalale. Mume wangu amesahau sura yangu."

Daftari alikuwa nalo Mzee kwenye koti. Akalitoa akaliweka kwenye goti, fomu juu yake. Akachukua kalamu.

Na kumbuka, wakati huo njia ilikuwa salama. Kila kabari ilikuwa mahali pake, mikono yangu shahidi. Hakuna ambaye angejua. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo, saini, saini twende nyumbani.

Desmond alikuwa ameegemea mlingoti, anakunywa chai yake, anaongea tu, kama kawaida yake hanyamazi. "Afadhali ulipita leo, mzee, maana Jumanne nilitaka kukuuliza. Nilipoleta kichwa na lile behewa tupu kujaribu, pale kwenye kona ya mwamba nikasikia kitu kinagonga chini. Ko, ko, ko. Nikataka kusimama. Halafu nikajiambia aa, Cuthbert kapita hapa asubuhi na kasaini, ni masikio yangu haya ya uzee. Nikaongeza moto nikapita."

Akacheka. Hazel naye akacheka. "Kanunue kifaa cha masikio, Desmond."

Kalamu ya Mzee ilikuwa imegusa karatasi. Nikaona kidoa cha wino kinakua.

"Masikio yako ni mazima," Mzee akasema.

"Nini?"

"Nimesema masikio yako ni mazima. Jumanne sikupita pale. Sijapita pale tangu siku ya nne. Huyu binti ndiye aliyegonga kabari leo. Ngapi, Lorna?"

Nikajibu kutoka pale chini. "Mia mbili na kumi na mbili."

"Mia mbili na kumi na mbili. Kumi na tisa pale kwenye kona, mahali pamoja. Umepita juu ya reli iliyokuwa imekaa tu, Desmond. Nilikupeleka mimi, kwa sahihi yangu."

Desmond akaweka kikombe chini. Akaondoka akatembea mpaka mwisho wa jukwaa, akasimama anaangalia vyungu vya maua, mgongo kwetu. Hazel hakupiga kelele. Nilisubiri apige kelele. Alikaa tu kwenye benchi, upande wa pili wa Mzee, mikono mapajani.

"Nimechoka hata kukasirika," akasema baadaye. "Yaani natafuta hasira, siipati." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu saa saba. Kulikuwa na video inaonyesha. Niliifuta."

"Mimi ndiye niliyemwambia," Mzee akadakia.

"Kidole kilikuwa changu," nikasema.

Hazel akatikisa kichwa, siyo kwa hasira, kama mtu anayefukuza nzi.

Desmond akarudi. Macho mekundu. Akasimama mbele ya Mzee, akainamisha kichwa chake kile chenye kofia iliyojaa masizi. "Miaka thelathini na moja, Cuthbert. Ungeniambia magoti yamekufa ningekubeba mgongoni, mjinga mkubwa wewe. Mgongoni! Kila asubuhi! Mke wangu hanitaki nyumbani kabla ya saa nne!"

"Najua."

"Hujui. Nilikuwa na Philip Jumanne, ananitilia makaa kwenye boila. Ana watoto wawili."

"Najua, Desmond."

"Basi," Desmond akasema. Akachukua ngazi akaihamisha kutoka mlingoti mmoja kwenda mwingine, bila sababu yoyote.

Mzee Cuthbert akarudisha fomu ya mkaguzi kwenye bahasha yake, tupu, ina kidoa kimoja tu cha wino. Akafungua daftari. Akarudi nyuma kurasa mpaka siku ya nne. Akapiga mstari juu ya "yote", pembeni akaandika "mpaka daraja la kondoo tu", akasaini. Siku ya tano. Mstari, maneno, sahihi. Ya sita. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Angeweza kupiga mstari mmoja kwa zote, lakini sivyo daftari lile linavyoandikwa. Ishirini na nne. Tulikaa tunasubiri, jua linatupiga usoni, chai inapoa. Katikati akapumzisha mkono, akaukunja na kuukunjua, akaendelea.

Ya leo akaandika: "Mpaka daraja nimetembea mwenyewe asubuhi. Juu yake ametembea Lorna Peacock, asiye na ruhusa. Kabari 212 juu ya daraja. Mimi nilikuwa nimekaa." Akafunga daftari, akampa Hazel kwa mikono miwili.

Hazel akalipokea. Akalitia mkobani. Hivyo tu, daftari likawa limeondoka kwake.

"Treni ya kesho itaishia darajani," Hazel akasema. "Mpaka darajani sahihi zake ni za kweli, siku zote. Zaidi ya hapo tunaanza upya. Siku ya kwanza." Akafunga macho. "Na sina mtu wa kusaini. Nitapiga simu reli za wenzetu niombe mtu, kama wapo."

"Nishushe bendera?" Desmond akauliza kutoka kwenye ngazi.

"Ziache. Sina nguvu za kuzipandisha tena."

Kondoo mmoja alikuwa anajikuna kwenye uzio.

"Kesho asubuhi nani atatembea kule chini?" Hazel akauliza, kama anajiuliza mwenyewe. "Treni ikifika hata darajani, lazima itembewe."

"Mpaka darajani naweza," Mzee akasema.

"Huna daftari, Cuthbert."

"Nimesema kutembea. Sijasema kusaini. Clive ametoka hospitali jana, atakuja na magongo asimame pale Kettlegate. Hapana, hata hiyo haifai. Mwenye kusaini lazima atembee." Akajisugua uso. "Sheria yangu hiyo. Mbaya kweli."

Hazel akapiga simu nne. Ya nne akapata mwanamke mmoja wa reli ya bonde la pili, mwenye ruhusa, akakubali kuja alfajiri atembee nusu ya chini. Hazel akamshukuru mpaka nikaona aibu kusikiliza.

Tukateremka kwa gari la Desmond, kitoroli tukakiacha juu. Mzee tukamweka mbele, magoti yakakataa kukunjika, ikabidi kiti kirudishwe nyuma mpaka mwisho, mimi na Hazel nyuma tumebanana, mfuko wa vibendera vilivyozidi mapajani. Hakuna redio. Desmond aliendesha kama amebeba mayai. Kila tuta Mzee alikuwa anashika mlango, na Desmond anasema "samahani" bila kumwangalia.

"Weka tangazo kwenye ukurasa," Hazel akaniambia. "Watu wengine wanatoka mbali, wajue mapema. Treni itaishia darajani."

Nikatoa simu. Vidole vilikuwa vimevimba, herufi nakosea kila ya tatu. Nikaandika hiyo sentensi. Nikasimama.

"Niseme kwa nini?"

Hazel akageukia dirisha. Desmond akawa anaangalia barabara tu. Niliona kichogo cha Mzee, mvi zile fupi, shingo imeungua jua.

"Sema," Mzee akasema. "Taja jina langu."

Nikaandika yote, kosa lake na langu, na ile video pia kwamba niliifuta. Nikabonyeza kutuma. Bonde letu mtandao wake wa shida, kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, tukapita shamba la Alderson, tukapita kanisa, bado kinazunguka. Nilikuwa na muda wa kulighairi tangazo. Kidole changu kilikuwa karibu kabisa. Tulipopanda kile kilima cha kuingilia Kettlegate, likaenda.